Kongamano la nasaba: anza na swali, nguo zitafuata

Mara ya kwanza nilipokwenda kwenye kongamano la nasaba nilibeba jalada lenye unene wa tofali. Ndani yake nilitia kila karatasi niliyowahi kuipata: vyeti, barua, picha, nakala za kurasa za rejista, na vikaratasi nilivyoviandika mwenyewe ambavyo sikukumbuka tena vilimhusu nani. Nilikuwa nimejiandikisha kuonana na mshauri kwa dakika ishirini. Kumi na tano nilizimaliza nikipekua. Hatimaye mshauri akaniuliza, "Unataka kujua nini hasa?" Nikajibu, "Kila kitu." Akatabasamu, akatazama saa yake.

Siku hizi mzigo wa kwanza ninaoufunga ni swali. Mengine yote, kuanzia chati hadi viatu, yanapangwa kulifuata hilo.

Hatua ya 1: Liandike swali lako kwa sentensi moja

Ifanye kazi hii wiki sita hadi nane kabla ya safari, maana ukiiacha hadi wiki ya mwisho hutapata nafasi ya kutafuta kile ambacho ungeweza kukipata ukiwa umekaa nyumbani.

Swali linalofaa lina mtu mmoja, kipindi, mahali na jambo moja linalotafutwa. "Ukoo wetu ulitoka wapi?" ni swali la maisha yote, halitoshi kwenye dakika ishirini. Linganisha na hili: "Wazazi wa mama yake babu yangu, aliyeolewa mwaka 1893 katika mji fulani na kufariki mwaka 1931, walikuwa akina nani?" Hapo mtaalamu ana pa kuanzia. Anajua aanze na kumbukumbu za ndoa, za vifo au za mirathi, na anajua za miaka ipi.

Chini ya sentensi hiyo andika mambo mawili. Kwanza, unachokijua na ulikokipata. Usiandike tu "alizaliwa 1871". Andika kwamba mwaka huo umetoka kwenye cheti cha kifo, kwa maelezo ya mtoto wake. Mtoto hakuwepo mama yake alipozaliwa, kwa hiyo huo ni ushahidi dhaifu, na mshauri lazima auone udhaifu huo. Pili, na hili ndilo watu wengi hulisahau, orodhesha ulikotafuta ukakosa: jina la mkusanyiko wa kumbukumbu, miaka uliyoipitia, namna ulizoendeleza jina, na tarehe uliyotafuta. Tarehe ina maana kwa sababu mikusanyiko ya mtandaoni huongezwa kila mara. Bila orodha hiyo, mshauri atakurudisha kulekule ulikotoka.

Kisha hakikisha kwamba unachokitafuta bado kipo duniani. Sensa ya mwaka 1931 ya Uingereza na Wales iliteketea kwa moto Desemba 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Sensa ya Marekani ya mwaka 1890 karibu yote ilipotea baada ya moto wa Januari 1921. Huko Dublin, hazina ya kumbukumbu za Ireland iliungua mwaka 1922, na karne kadhaa za karatasi zikaondoka nayo. Kuna pia zilizopo lakini zimefungwa: sensa za Uingereza na Wales hufichwa kwa miaka 100, ndiyo maana ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022, za Marekani hufichwa kwa miaka 72, na ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022. Ukigundua kuwa swali lako limeangukia kwenye shimo kama hilo, ligeuze: "Kwa kuwa sensa ile haipo, ni kumbukumbu zipi zinaweza kuziba pengo lake?" Hilo ni swali zuri kuliko la mwanzo.

Chukua swali moja kuu na moja la akiba. La tatu liache nyumbani.

Hatua ya 2: Tengeneza chati ya ukurasa mmoja

Mti wa ukoo wenye watu elfu mbili unapendeza ukutani, lakini mezani kwa mshauri ni kero. Unachohitaji ni chati ya vizazi vitano ukijihesabu na wewe mwenyewe, yaani watu 31, ambao wanaenea kwenye karatasi moja.

Wape namba kwa utaratibu wanaoutumia wananasaba karibu kila mahali. Wewe ni 1, baba yako 2, mama yako 3. Ukitaka namba ya baba wa mtu yeyote, zidisha namba ya mtu huyo mara mbili. Ukitaka ya mama, zidisha mara mbili kisha ongeza moja. Utaratibu huu ulichapishwa na Michaël Eytzinger mwaka 1590, na sijaona uliouzidi. Ukisema "nimekwama kwenye namba 11," mtaalamu anajua mara moja kwamba unamzungumzia mama wa bibi mzaa baba, hata kama hamna lugha moja.

Lugha yenyewe ina mitego yake, na sisi tunaozungumza Kiswahili tuwe macho zaidi. "Baba mkubwa" na "baba mdogo" wote ni baba kwetu. "Ndugu" anaweza kuwa wa tumbo moja, mtoto wa ami, au mtu wa ukoo tu. "Babu" anaweza kuwa yeyote aliyetangulia. Ukiviandika hivi hivi kwenye chati, kisha mtu mwingine akavitafsiri neno kwa neno, utajikuta una baba watatu. Andika uhusiano kwa kuurefusha: "mdogo wake baba," "mtoto wa dada yake mama," "babu mzaa mama." Kama ulisimuliwa tu na mzee kwamba fulani alikuwa "ndugu" na hujui ni wa namna gani, andika neno lenyewe ndani ya alama za kunukuu na uliache kama lilivyo.

Tarehe nazo ziandike kwa siku, jina la mwezi, na mwaka wenye tarakimu zote nne. 04/05/1912 ni tarehe 4 Mei kwa baadhi ya watu na 5 Aprili kwa Wamarekani. Wanawake waandike kwa jina la ukoo waliozaliwa nalo. Na kama umefika mbali kwenye kumbukumbu za England, kumbuka kwamba kabla ya mwaka 1752 mwaka wa kisheria kule ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo mtoto wa Februari 1715 kwa karani wa wakati ule ni wa Februari 1716 kwa hesabu yetu. Wananasaba huandika 1715/16 ili kuepusha ugomvi.

Ongeza karatasi ya pili yenye familia moja tu, ile uliyokwama nayo: mume, mke, watoto wote, na hata mashahidi wa ndoa na waliosimamia mazishi. Kongamano langu la pili nilifika na karatasi mbili hizo. Mshauri aliziangalia kwa dakika moja, akaweka kidole penye nafasi ya mashahidi, ambayo niliiacha tupu kwa kuona haina umuhimu. Nakala ya cheti nilikuwa nayo. Shahidi mmoja alikuwa na jina la ukoo ambalo sikuwahi kulifuatilia, na ndilo lililonifungulia mlango.

Chapisha nakala tatu: moja ya kuhifadhi, moja ya kuchorwachorwa na kalamu za watu, moja ya kumwachia mtu.

Hatua ya 3: Nyaraka asili zibaki nyumbani

Hili halina mjadala kwangu. Picha pekee ya mama wa bibi yako haina sababu ya kusafiri ndani ya begi lililobanwa chini ya kiti. Iskani. Kwa picha tumia nukta 600 kwa inchi. Kwa barua na vyeti 300 zinatosha. Skani na upande wa nyuma pia, maana mara nyingi ndiko kulikoandikwa majina, na muhuri wa mpigapicha unaweza kukupa mji na miaka. Kama lengo lako ni kumwona mtu anayetambua umri wa picha za zamani, piga picha ya mbele, ya nyuma, na ya ukingo unaoonyesha unene, kisha pima urefu na upana.

Yape mafaili majina yanayoeleweka: mwaka kwanza, kisha jina la ukoo, aina ya waraka, mahali. "1893_jina-la-ukoo_ndoa_mji" utaikuta kwa sekunde mbili; "IMG_4471" utaitafuta huku mshauri akipiga miayo.

Mti wako uutoe kwenye programu yako ya nasaba kama faili la GEDCOM, lile linaloishia na .ged. Muundo huo ulianza mwaka 1984 na karibu kila programu ya nasaba inausoma. Ila jihadhari: toleo la 5.5.1, ambalo bado linatumika sana, hubeba maandishi tu. Picha hubaki kwenye kompyuta yako na faili huonyesha tu njia ya kuzifikia. Toleo la 7.0, lililotoka mwaka 2021, lina namna ya kufungasha picha pamoja na mti, lakini si programu zote zinalijua. Kwa hiyo picha zibebe kwenye folda yake.

Kabla hujampa mtu yeyote faili hilo, ondoa waliohai. Programu nyingi zina kitufe cha kufanya hivyo. Ukishakibonyeza, fungua faili na uangalie kwa macho, kwa sababu mtu asiye na tarehe ya kifo anaweza kuachwa au kufutwa kimakosa. Tarehe ya kuzaliwa ya shangazi yako, na habari kwamba aliwahi kuachika, si mali yako ya kugawa.

Weka kila kitu mahali patatu: kwenye kompyuta, kwenye flashi, na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Zile karatasi mbili na vyeti vinavyohusu swali lako vipakue pia kwenye simu viweze kufunguka bila intaneti. Ukumbi wenye watu maelfu, kila mmoja akifungua mti wake kwa wakati mmoja, huifanya intaneti itambae kama konokono.

Hatua ya 4: Panga ratiba kwa kulifuata swali

Makongamano makubwa yana mada nyingi kuliko mtu anavyoweza kuhudhuria. RootsTech, lililoanza mwaka 2011 huko Salt Lake City, Marekani, huwa na mamia ya vipindi. Ukichagua kwa mvuto wa vichwa vya habari utarudi umeburudika, na swali lako litakuwa palepale.

Kwa kila saa chagua kipindi cha kwanza na cha pili, maana vyumba hujaa. Angalia vipi vitarekodiwa. Hivyo vinaweza kusubiri. Upendeleo uwape visivyorekodiwa, warsha za vitendo, na vile ambavyo mtoa mada amewahi kufanyia kazi mkoa na kipindi chako. Binafsi napenda vipindi vya mbinu kuliko vya kisa cha familia moja, ingawa nakiri visa ndivyo vinavyopigiwa makofi. Vitini kwa kawaida hutolewa mapema, visome kabla. Kuna nyakati kitini chenyewe kinakuambia yote, ukaamua kwenda kwingine.

Kila siku acha saa moja tupu. Humo ndimo yanamopatikana mazungumzo ya korido, na hayo huzaa matunda kuliko nusu ya mihadhara.

Kama mji wa kongamano una maktaba au hifadhi ya nyaraka, ongeza siku moja mwanzoni, usiongeze mwishoni. Mwishoni utakuwa umechoka, na ulichokiona mwanzoni unaweza kukiulizia kongamanoni. Maktaba ya FamilySearch, shirika la kumbukumbu za nasaba, huko Salt Lake City iko mwendo mfupi wa miguu kutoka ukumbi wa RootsTech, na kuingia ni bure. Hifadhi ya taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London, ina masharti yake: ili kushika nyaraka asili unahitaji kadi ya msomaji, inayotolewa kwa kuonyesha kitambulisho na uthibitisho wa anwani, kalamu ya wino ni marufuku, ni penseli tu, na hata kifutio hakiruhusiwi. Soma masharti ya unakokwenda na uagize nyaraka mapema kama wanaruhusu.

Hatua ya 5: Ukija na majibu ya kipimo cha DNA, ijue namba yako

Usiende kwa mshauri wa DNA ukiwa na ile picha ya rangi rangi ya asilimia za mabara. Anayoitaka ni orodha ya watu mnaolingana nao na kiasi cha DNA mnachochangia, kinachopimwa kwa kipimo kiitwacho sentimogani. Mzazi na mtoto huchangia takriban 3,400 au zaidi kidogo. Nusu yake, karibu 1,750, inaweza kuwa babu, shangazi, au ndugu mnayechangia naye mzazi mmoja tu. Watoto wa ndugu wawili huwa karibu 870. Namba moja inaweza kumaanisha mahusiano kadhaa, kwa hiyo andika pia umri wa mtu huyo na watu wengine ambao wewe na yeye nyote mnalingana nao. Majina ya waliohai yafiche au yabadilishe kabla ya kuonyesha skrini mbele za watu.

Kwenye maonyesho vifaa vya kupimia mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini. Ukinunua cha mzee wako, omba ridhaa yake kwanza, na umweleze kwamba majibu yanaweza kufichua mtoto au baba ambaye hakuna aliyemtaja. Kwa vifaa vya mate, asile, asinywe wala kuvuta sigara kwa dakika 30 kabla ya kutema.

Hatua ya 6: Funga mkoba, kisha begi

Mkoba wa mchana ni silaha yako, nao uwe mwepesi, maana utaubeba saa nane. Ndani yake weka zile karatasi kwenye bahasha ngumu, daftari, penseli mbili, simu, na kompyuta au kishikwambi, kimoja kati ya hivyo viwili. Chaja, adapta ya soketi za nchi unayokwenda, na kebo ya kugawa umeme yenye matundu matatu au manne. Hii ya mwisho inaonekana kama mzigo wa bure mpaka utakapokaa kwenye chumba chenye soketi moja ukutani. Mwenye kebo hapungukiwi marafiki.

Pawabanki ipande nawe ndani ya ndege, isiwekwe kwenye begi la chini. Mashirika ya ndege kwa kawaida huruhusu hadi saa-wati 100 bila kibali. Ya 20,000 mAh yenye volti 3.7 ni saa-wati 74, kwa hiyo uko salama. Zile kubwa sana zisome lebo.

Tengeneza kadi ndogo za kugawa. Upande mmoja jina lako na barua pepe, bila anwani ya nyumbani. Upande wa pili majina ya koo unazozitafuta, mahali, na miaka. Wengi hugawa kadi za kazini, na baada ya wiki hakuna anayekumbuka huyu mhasibu alikuwa anatafuta nini.

Nguo: tabaka tabaka, kwa sababu chumba kimoja ni jokofu na kinachofuata ni tanuri. Viatu viwe vile ulivyokwisha kuvizoea. Dawa zako ziwe mkobani. Chupa ya maji. Basi.

Robo ya begi iache tupu. Vitabu vya nasaba ni vizito, na hakuna aliyewahi kurudi bila hata kimoja.

Hatua ya 7: Ukiwa pale

Asubuhi ya kwanza nenda moja kwa moja kwenye meza za ushauri ukajiandikishe. Nafasi huisha kabla ya chai. Ukikaa na mshauri, sogeza karatasi, soma ile sentensi moja, kisha nyamaza. Kimya hicho ni kigumu, hasa kwa sisi tunaopenda kusimulia, lakini kila dakika ya hadithi ya babu ni dakika iliyokatwa kwenye jibu.

Kwenye mabanda ya maonyesho, siku ya kwanza tembea bila pochi. Muulize muuzaji wa huduma ya kumbukumbu mambo matatu: mna nini kwa mahali pangu na miaka yangu, usajili unajirudia wenyewe mwaka ukiisha, na naweza kutoa mti wangu wote nikiondoka? Akijibu la kwanza kwa kusema wana mabilioni ya kumbukumbu, rudia swali.

Usipige picha za slaidi wala kurekodi sauti bila ruhusa. Kazi ile ni ya mtoa mada na ndiyo riziki yake.

Kila jioni, kabla ya kulala, tumia dakika ishirini. Nyuma ya kila kadi uliyopokea andika mlikutana wapi na nani alimwahidi mwenzake nini. Ziandike upya zile sentensi tatu au nne muhimu za siku, pamoja na jina la aliyezisema. Noti za kongamano huoza haraka: leo "angalia kitabu cha B, si A" inaeleweka, wiki ijayo hutajua B ni nini.

Ukifika nyumbani, kabla ya kufungua begi, watumie barua pepe wale uliowaahidi kitu. Kisha ichukue ile orodha ya ulikotafuta ukakosa na uongeze mistari mipya: ulikoelekezwa, ulichokipata, na palipokuwa patupu.